Tulingoja mtaro miaka miwili, kumbe kazi ilikuwa imeisha

Usiku mmoja wa Aprili 2024, wakati wa zile mvua zilizogeuza nusu ya Nairobi kuwa ziwa, maji yalipita chini ya mlango wetu yakaenda moja kwa moja hadi chini ya kitanda. Mathe huuza mitumba ya watoto. Jioni hiyo alikuwa amefungua robota jipya, nusu akaitia kwenye gunia juu ya meza, nusu akaiacha sakafuni aipange asubuhi. Kulipokucha hakukuwa na la kupanga. Nguo zilinuka maji taka, na hata baada ya kufuliwa mara tatu hakuna mama aliyetaka kumvalisha mwanawe.

Ploti nzima ilijua wa kulaumu. Mwanzoni mwa 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi, vijana walikuja na sururu na toroli wakachimba mtaro kando ya barabara yetu. Wakaujengea zege safi. Walipofika kwenye kona ya kanisa wakakusanya vifaa na kupotea. Kutoka hapo kwenda chini, tunakoishi sisi, hakuna mtaro. Kwa hivyo maji yote ya juu hukusanywa vizuri, yakaletwa kwa mpango hadi kona ya kanisa, halafu yakaachiliwa yatutembelee.

Kila mtu alikuwa na hadithi yake. Jamaa wa boda hapo steji walisema mwanakandarasi alihepa na doo. Mzee mmoja alisema pesa zilihamishiwa wadi jirani kwa sababu hatukumpigia mheshimiwa kura. Mimi, ambaye nina blogu na wafuasi kadhaa wa kunipa kiburi, niliandika posti kwamba diwani wetu amekula mtaro. Ilisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu walicheka, wakatukana, wakasambaza tena.

Sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja swali hata moja. Nataka ulijue hilo kabla hatujaendelea.

Karatasi ya Jumatatu hadi Ijumaa

Mimi si mgeni wa kukosa habari. Mwaka wa 2022 nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo ya semista ilikuwa imenikaba, na kila siku nilimuuliza mathe kama amesikia kitu kuhusu basari. Jumamosi moja, binti wa jirani akaniuliza kama nimeshapeleka fomu yangu. Fomu gani? Akaniambia ilitangazwa Jumatatu, mwisho ulikuwa jana, Ijumaa.

Nilikimbia hadi ofisi hiyo, ambayo sitaitaja. Ilikuwa imefungwa, lakini tangazo lilikuwa bado mlangoni. Karatasi moja ya A4 kwa Kiingereza, imebandikwa kwa selotepu, upande mmoja umeshaanza kubanduka. Siku tano. Nilikuwa nimepita barabara hiyo karibu kila siku ya wiki hiyo, upande wa pili.

Siwezi kukuambia kwamba basari ingeniokoa. Hela zenyewe huwa kidogo, na huenda wangeninyima. Ninachojua ni kwamba sikupata hata nafasi ya kunyimwa. Muhula uliofuata sikurudi chuoni, na hadi leo sijarudi. Mathe akisikia mtu akisema eti vijana wa siku hizi hawapendi shule, huwa anatoka nje.

Tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Serikali za kaunti zinatakiwa kutuambia zinafanya nini na pesa zetu. Sasa hizo habari huwa zinaenda wapi?

Tulisoma mswada, hatukusoma wadi

Juni 2024, unakumbuka. Mswada wa Fedha ulikuwa kila mahali. Watu ambao hawakuwahi kufungua stakabadhi ya serikali walikuwa wakisoma vifungu kwa sauti TikTok. Wengine waliutafsiri kwa lugha za mama ili nyanya zao kijijini waelewe. Tarehe 25 tulienda barabarani, na tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Wenzetu walikufa. Sitalifanya jambo hilo kuwa mfano wa haraka haraka.

Ila ukweli ni huu: sisi hao hao, tuliojua mkate utatozwa kodi gani, hatukujua hata kidogo bajeti ya wadi zetu inasema nini. Bajeti ya Kaunti ya Nairobi siku hizi inapita Sh40 bilioni kwa mwaka. Kuna wadi 85 katika maeneobunge 17, na kila wadi ina diwani wake anayekaa bungeni pale City Hall. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 4,397,073. Kwa hesabu ya kawaida, wadi moja ina watu zaidi ya 50,000. Ni mji mzima huo. Lakini muulize mse yeyote wa mtaani ni mradi gani wa kaunti unaendelea kwenye wadi yake mwaka huu, na umegharimu ngapi. Atakuonyesha picha ya uzinduzi.

Hapo ndipo tumekwama. Kanjo (bado tunaiita hivyo hata baada ya baraza la jiji kufa 2013) haikosi kutupa habari. Inatupa picha za mheshimiwa na koleo, video ya tingatinga ikipiga kazi na muziki nyuma, utepe ukikatwa. Lakini habari unayoihitaji wewe ni mstari mmoja mkavu usio na muziki wowote: mradi gani, unaanzia wapi, unaishia wapi, ni pesa ngapi, mwanakandarasi ni nani, mwisho ni lini. Mstari huo ndio uliokosekana kwetu.

Sheria inasemaje

Nilianza kusoma baada ya mafuriko, kwa hasira zaidi kuliko kwa elimu. Nilidhani nitakuta kwamba serikali haina wajibu wa kutuambia chochote. Nikakuta kinyume.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 201 kinasema mambo ya pesa za umma yafanywe kwa uwazi na wananchi wahusishwe. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo ile karatasi ya basari ingeweza kabisa kuandikwa kwa lugha ambayo mathe angeisoma akipita na gunia lake.

Kisha kuna Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Hiyo inataja hadi njia zenyewe: mitandao, mikutano ya ukumbini, vikao vya bajeti, na mbao za matangazo za kazi, zabuni na mambo mengine ya umma. Inataja pia mahali miradi inapojengwa. Inataka kaunti itumie vyombo vya habari, redio za kijamii zikiwemo.

Na mahakama imeshasema kwamba tangazo la kujisafisha tu halitoshi. Mwaka wa 2014, Jaji George Odunga alifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu umma haukuhusishwa ipasavyo. Katika uamuzi wake alieleza kwamba kaunti inafaa kuwafuata watu waliko, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kwenye redio zinazotumia lugha zao. Hiyo ni miaka mingi iliyopita, na sisi bado tunabandikiwa A4 mlangoni.

Kifaa nilichokipenda zaidi ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Raia anaweza kuandika barua kwa ofisi ya umma akiomba habari, kwa Kiswahili au Kiingereza. Hahitaji wakili. Halazimiki kueleza kwa nini anataka kujua. Kuomba ni bure, unaweza tu kutozwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kama umebisha mlango usio wake, ofisi hiyo inatakiwa kupeleka ombi lako panapofaa ndani ya siku tano. Ikinyamaza hadi muda upite, hesabu kwamba umekataliwa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala (CAJ), ile wengi huiita Ombudsman.

Niliisoma mara mbili nikidhani kuna mtego.

Barua ya mistari sita

Septemba 2024 tukakaa watano kwa kinyozi: mimi, kinyozi mwenyewe, jamaa wa boda, mama wa chapati na mwalimu wa chekechea anayeishi ploti ya nyuma. Mama wa chapati ndiye aliyetuzuia tusiandike upuzi. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na "Sisi wakazi tuliochoshwa na ufisadi". Akaniambia, "Kijana wangu, ukienda kuomba unga kwa jirani, unaanza kwa kumtusi?"

Tukafuta. Barua ya mwisho ilisema hivi:

"Tunaomba habari kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mwaka wa 2022 ulijengwa mtaro wa maji kando ya barabara yetu. Tunaomba kujua: mradi huo ulianzia wapi na kuishia wapi kwenye mkataba, uligharimu pesa ngapi, mwanakandarasi alikuwa nani, na kama umekamilika, ulikamilika lini. Tunaomba pia nakala ya ukurasa unaoonyesha mambo hayo. Tafadhali tujibu kwa anwani iliyo hapa chini."

Majina matano, sahihi tano, nambari ya simu ya mwalimu kwa sababu ndiye pekee ambaye hapotezi simu. Tukaiprinti saiba nakala mbili. Moja tukaipeleka, ya pili ikapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Huo muhuri ni muhimu kuliko barua yenyewe. Bila tarehe, siku 21 hazianzi popote.

Pale mapokezini dada mmoja alitutazama, akatazama barua, akauliza, "Nyinyi ni wa shirika gani?" Mwalimu akajibu, "Sisi ni wa ploti."

Siku ya 21 ikapita kimya. Siku ya 24 mwalimu akapiga simu, kwa sauti ile anayotumia na wazazi wanaochelewa kuchukua watoto. Siku ya 26 jibu likaja.

Kona ya kanisa

Kurasa mbili. Niliposoma ya kwanza nilidhani wamekosea barabara. Mradi ulikuwa "umekamilika". Nikarudia. Mkataba ulianzia kule juu kwenye soko na kuishia, kwa maandishi ya wazi kabisa, kwenye kona ya kanisa.

Hakuna aliyehepa. Mwanakandarasi alichimba alichoagizwa, akalipwa sehemu, akaenda. Kipande chetu hakikuibwa. Hakikuwahi kuwepo kwenye karatasi yoyote. Kwa zaidi ya miaka miwili tulikuwa tukimngoja mtu arudi kumaliza kazi ambayo tayari ilikuwa imeisha.

Kinyozi alicheka hadi akazima mashine. Mimi sikucheka. Ile posti yangu kuhusu diwani bado ilikuwa hewani, bado inasambazwa. Niliiondoa, nikaandika nyingine yenye picha ya barua na maelezo kwamba nilikosea. Ya kwanza ilisomwa na maelfu. Ya pili, watu wachache sana. Kuna mmoja aliniandikia, "Buda, umelipwa ngapi?" Ndivyo ilivyo.

Usinielewe vibaya. Sisemi serikali ni malaika. Kuna miradi hewa, kuna wizi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutoka kila robo ya mwaka na ziko wazi kwa yeyote, zimekuwa zikionyesha Nairobi kuwa kinara wa kaunti zenye madeni ambayo hayajalipwa. Na hata kwenye kisa chetu kuna maswali: ni nani aliyechora mtaro unaobeba maji yote ya mtaa wa juu na kuyamwaga kwenye milango ya mtaa wa chini? Kwa nini hakukuwa na bango la kusema unaishia wapi? Bango moja tu pale kona ya kanisa 2022, na tungeanza kupigania kipande chetu siku hiyo hiyo, kabla ya mafuriko na kabla ya robota la mathe.

Ndiyo hasara ya kutojua. Wizi, ukiujua, unaweza kuushtaki. Ukiwa hujui, unakaa tu unangoja.

Kalenda ambayo hakuna anayeibandika

Tulipouliza tufanye nini ili kipande chetu kiingie, tukajifunza jambo lingine: pesa za kaunti zina kalenda, na ukichelewa wiki moja unaweza kukosa mwaka mzima.

Mwaka wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kufikia 1 Septemba, kaunti inatakiwa kuwa imepeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Hapo ndipo mtaro wako unapoandikwa jina. Kufikia 28 Februari kuna waraka wa sera ya fedha, unaoamua sekta gani itapata ngapi. Kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yanafika kwenye bunge la kaunti. Kufikia 30 Juni yanatakiwa yawe yamepitishwa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, yaani vitu kama barabara, mitaro, zahanati na masoko, badala ya mishahara na chai.

Sasa hesabu nasi. Jibu letu lilikuja Oktoba 2024. Tarehe 1 Septemba ilikuwa imepita mwezi mmoja. Tukangoja hadi Agosti 2025, kilipoitishwa kikao cha wadi cha kutoa maoni kuhusu mpango wa mwaka. Tulikijua kwa sababu mwalimu alikuwa ameanza kupiga simu kuuliza tangu Juni. Tulikuta watu kama arobaini ukumbini, wengi wazee. Vijana tulikuwa saba, nasi tulikuwa watano kati ya hao saba.

Nilitarajia mabishano. Hakukuwa na lolote. Mama wa chapati alisimama na ile barua, akasoma mkataba ulianzia wapi na kuishia wapi, akaketi. Afisa aliyekuwa akiandika akamwomba arudie. Hakuna anayepinga karatasi yenye muhuri. Jamaa aliyezungumza kabla yake alipiga kelele dakika kumi kuhusu uongozi mbaya, akapigiwa makofi, na sikuona hata neno lake moja likiandikwa.

Mtaro wetu uliingia kwenye orodha. Lakini usishangilie bado. Orodha ya Septemba 2025 ni ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 2026. Na kuwa kwenye mpango si kuwa kwenye bajeti, kuwa kwenye bajeti si kulipwa, na mkataba kutiwa saini si zege kumwagwa. Katika kila hatua mradi unaweza kufa kimya kimya, na ndiyo maana kila hatua inahitaji mtu wa kuuliza.

Habari ikitaka kufika, hufika

Wapo watakaokuambia kwamba watu wa mtaani hawajali habari za serikali. Si kweli. Ratiba ya mgao wa maji ya kampuni ya maji ya Nairobi husambaa kwenye makundi ya WhatsApp haraka kuliko umbea. Tangazo la Kenya Power la kukatika kwa stima hivyo hivyo. Kwa nini? Kwa sababu lina jina la mtaa wako, siku na saa. Mtu anajua la kufanya: ajaze mitungi, achaji simu.

Angalia pia Dishi na County, ule mpango wa chakula shuleni ulioanza 2023. Uupende au usiupende, kila mzazi aliye na mtoto kwenye shule ya msingi ya umma hapa Nairobi anajua kwamba sahani ni Sh5 na kwamba mtoto hulipa kwa bangili ya mkononi. Hakuna aliyehitaji kusoma PDF ya kurasa 200. Habari ilirudi nyumbani kwenye mkono wa mtoto.

Na kuna Mukuru. Mwaka wa 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa. Ni mtaa wa kaya zaidi ya 100,000, huwezi kuwaweka wote ukumbini. Kwa hivyo wakazi na mashirika waliyoshirikiana nayo waliwapanga watu kwa nyumba kumi kumi, kila kikundi kikachagua mtu wake, na hao wakakutana kwenye mabaraza. Habari ikashuka na kupanda kwa njia hiyo, kutoka mezani kwa wapangaji wa mji hadi mlangoni kwa mtu na kurudi. Baadaye barabara, maji na hospitali zilipoanza kuingia, watu walikuwa na karatasi yao ya kulinganisha.

Redio nazo zipo. Koch FM kule Korogocho, Pamoja FM kule Kibera, Ruben FM kule Mukuru. Hizo ndizo redio za kijamii ambazo sheria inazungumzia. Dakika tano za "wiki hii kwenye wadi yako" zingefika mbali kuliko tangazo la nusu ukurasa la Kiingereza gazetini, katikati ya matangazo ya zabuni.

Sasa wewe ufanye nini

Kwanza, jua ni nani mwenye kazi. Chekechea, zahanati, masoko, taka, mitaro, taa za mtaani na barabara ndogo ni za kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Hata basari ni mbalimbali: kuna ya NG-CDF kupitia ofisi ya mbunge, kuna ya kaunti kupitia wadi, na HELB hasa ni mkopo. Kila moja ina fomu yake na tarehe yake. Ukimpigia diwani kelele kuhusu Thika Road utachoka bure.

Pili, uliza swali dogo. "Pesa zetu zimeenda wapi?" haijibiki. "Taa ya mulika mwizi ya steji ilitengewa ngapi mwaka huu?" inajibika.

Tatu, andika, kisha upigiwe muhuri. Weka picha ya nakala kwenye simu ya mtu asiyepoteza simu.

Nne, usiende peke yako. Mtu mmoja ni msumbufu. Watu watano wenye barua ni wakazi.

Tano, na hili najiambia mimi kwanza: usiposti kabla ya kuuliza. Ukiuliza na wakakataa kujibu, hapo una habari kali zaidi kuliko ile uliyokuwa unakisia.

Kwa kinyozi sasa kuna ubao. Ni kipande cha plaiwudi tu, kando ya kioo. Kila Jumatatu napita ofisi ya wadi, ya mbunge na ya chifu, napiga picha kila karatasi iliyobandikwa, nazifupisha kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja na kuprinti. Ya kinyozi, ya mama wa chapati, ya steji ya boda. Inanigharimu shilingi 30. Wengine husoma wakingoja kunyolewa, wengine hufungia chapati.

Januari hii tangazo la basari lilitoka Jumatatu, mwisho Ijumaa, kama kawaida yao. Jumanne jioni nilimkuta dogo mmoja wa Kidato cha Nne, kichwa kimenyolewa nusu, amesimama mbele ya ubao akinakili tarehe kwenye kiganja kwa kalamu. Kinyozi alikuwa akimwita arudi kitini. Dogo akamwambia, "Ngoja kidogo, boss. Hii kitu inaisha Ijumaa."